Ukuta Ulioota Ndevu

Mwezi uliopita mwalimu wa zamu alinikamata nikiigiza anavyotembea. Nilikuwa nimefika pale anapovuta suruali juu kabla ya kupanda ngazi, darasa zima likicheka, mara likanyamaza ghafla, nami nikajua yuko nyuma yangu. Adhabu ikawa kukandika upya jiko la shule, mimi na wenzangu wawili waliocheka kuliko wengine. Tukamwaga maji kwenye udongo wa kichuguu, tukatia samadi na makapi, tukavua viatu, tukaanza kukanyaga. Harufu ikapanda. Ni harufu nzito, ya mvua na zizi na gunia la zamani kwa pamoja, na ukishaivuta haitoki puani mpaka kesho yake. Wenzangu waliziba pua. Mimi nilisimama tope likiwa limefika magotini, nimesahau kukanyaga.

"Dafroza, vipi, umeona nyoka?"

"Nimemwona shangazi yangu."

Wakacheka. Wanadhani kila ninachosema ni mzaha, na kosa ni langu, mimi ndiye niliyewazoesha. Kwa hiyo ninyi msionijua ndio nitawasimulia, na pale nitakapotania mtanivumilia. Ulimi wangu umezoea.

Nilikuwa na miaka tisa. Tuliishi Izia, mjini Sumbawanga, katika nyumba aliyoijenga babu kabla ya Uhuru. Babu alikuwa mwashi aliyefundishwa na mabruda wa misheni, na nyumba yake mwenyewe aliijenga kama mtu anayejibu mtihani mbele ya mabruda wote: matofali ya kuchoma, madirisha ya chuma yenye vioo vidogo vidogo, sakafu ya saruji nyekundu, na upande wa nyuma baraza refu lililotazama bustani. Wazee wanasema watu walikuwa wakitoka misa wanapitia kwetu kuliangalia hilo baraza. Mimi sikuwahi kuliona. Kabla sijazaliwa baba alilifungia kwa ukuta wa matofali mabichi, kwa sababu ya upepo. Wanaoujua upepo wa Ufipa hawahitaji maelezo, na wasioujua washike kofia. Nusu ya baraza ikawa stoo. Nusu nyingine ikawa chumba changu.

Hakikuwa na dirisha. Ukinyoosha mikono miwili unagusa kuta zote, na panya walikuwa wanapita kwa adabu, mmoja mmoja, kwa kuwa nafasi haikuruhusu wawili. Lakini kilikuwa changu, na kilikuwa na komeo ndani.

Jirani yetu alikuwa Atupele, ambaye baba yake alihamishiwa kwetu kutoka Mbeya, mtu wa ofisi ya serikali. Kwao kulikuwa na vigae. Vigae vyeupe, vinang'aa, na dari lenye taa za bluu pembeni kama baa. Mimi na Atupele tulikuwa tunavaa soksi na kuteleza kutoka sebuleni hadi jikoni, mpaka mama yake atufukuze. Nikirudi nyumbani na kukanyaga saruji ya Babu, iliyochubuka na kupoteza rangi, nilikuwa naionea aibu kama vile ni nguo ya ndani iliyoanikwa mbele ya wageni.

Baba Mkubwa Deo, kaka yake baba, alilijua hilo. Yeye alitaka nyumba ya Babu ivunjwe: mbele, kando ya barabara, zijengwe fremu za maduka, na nyuma ijengwe nyumba ya kisasa. "Na chumba cha Dafroza," alisema huku akinishika kichwa, "kitakuwa na vigae na dirisha la alumini." Tangu siku hiyo nilikuwa askari wake. Kizuizi kilikuwa Bibi tu. Nyumba ilikuwa yake, na Bibi alisema atawasikiliza watoto wake wote kwanza, halafu Jumapili moja baada ya mavuno atasema neno lake. Na mtoto mmoja alikuwa hajafika.

Huyo akafika baada ya Pasaka. Shangazi Oliva, kitindamimba wao. Alikuwa ameishi Arusha miaka mingi akichora na kufinyanga kwa ajili ya mahoteli, na alishuka kwenye basi na sanduku la brashi, tepe ya kupimia, na suruali mbili ambazo Bibi alizihesabu zikiwa kwenye kamba.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Wewe ndiye unayelala barazani?"

"Mimi nalala chumbani kwangu."

"Hicho si chumba, mama. Hilo ni baraza la baba yangu, limezibwa mdomo."

Siku ya tatu kitanda changu kilikuwa uani, kuku wamekaa juu yake. Shangazi alikuwa ameshika nyundo, anapiga miluzi, anaangusha ukuta wangu tofali kwa tofali. Hakuniuliza. Mimi nikahamishiwa kwa Bibi, ambaye alisali rozari mbili kwa sauti na ya tatu aliikoroma. Nilimchukia Shangazi kwa chuki kamili, ile ya mtoto, isiyo na hata tundu la kupitisha hewa. Nikampa jina la Mhandisi wa Matope, na nusu ya Izia wakalitumia.

Kwa haki nitasema alifanya kazi. Alikwangua rangi ya mafuta kwenye kuta za ndani, rangi tatu, ya juu ikiwa ile kijani ya zahanati. Mimi alinipa kipande cha chupa nikwangue nacho, nikakwangua huku nikimlaani kimoyomoyo. Alisugua vyuma vya madirisha mpaka kutu ikaisha, akasafisha vioo kimoja kimoja kwa gazeti. Sakafu aliipaka dawa nyekundu na kuisugua kwa magoti siku nzima, mpaka saruji ya Babu ikarudi na wekundu wake na miguu yetu yote ikawa myekundu. Bustanini hakukata kitu. Alihamisha banda la kuku tu, ili mtu aliyekaa barazani auone mfyulisi wote, ule mti wetu wa matunda, tangu shina hadi kileleni. Nyumba ikaanza kuwa na mwanga katika sehemu ambazo mimi nilizijua kwa kupapasa.

Halafu akafika kwenye ukuta wa ndani wa baraza, ule mrefu unaotazama bustani, akasimama mbele yake asubuhi nzima na kikombe cha chai.

"Njoo uone," akaniita. "Jua likitokea kule, kivuli cha mfyulisi kinaangukia wapi?"

"Ukutani."

"Babu yako alijua. Ndiyo maana hapa hakuweka dirisha wala msumari. Huu ukuta ni karatasi."

"Karatasi ya kuandikia nini?"

"Atakayechora ni mti."

Nilikimbia kumwambia Atupele kwamba shangazi yangu ameugua kichwa.

Hakutaka saruji kwenye ukuta huo. Alitaka udongo, ukandikwe kwa mkono, na juu yake yachorwe kwa vidole matuta ya Ufipa, yale ya duara, yakipanda na kushuka kama yanavyopanda na kushuka mashambani, ili kivuli cha matawi kipite juu yake kila asubuhi kama mtu anayepita shambani. Na hapo ndipo lililoniogopesha lilipotokea. Bibi alipenda. Bibi, ambaye alizaliwa kijijini Mwazye na kukandika nyumba za mama yake tangu akiwa mdogo kuliko mimi, alivua viatu na kuingia kwenye tope na binti yake. Walicheka. Bibi alimfundisha sheria za kwao, na moja niliisikia vizuri sana. Makapi ya ulezi hayatiwi kwenye udongo siku ileile. Yanamwagwa uani kwanza, kuku wanayachakura siku mbili mpaka wamalize kila punje. "Zikibaki punje," Bibi alisema, "ukuta utaota ndevu."

Baba Mkubwa alikuja kuona. Alisimama bustanini akiwa na viatu vyake vya kanisani, hataki kukanyaga karibu.

"Oliva, watu wanatoka kwenye nyumba za udongo, wewe ndiyo unaingia?"

"Kaka, wewe ukiachiwa utaweka vigae hata kwenye kaburi la Baba."

"Nilishaweka."

Na ilikuwa kweli, alishaweka. Vya maua. Bibi alicheka mpaka akakaa chini, na nilivyomwona Baba Mkubwa anavyotazama kicheko kile, nikajua tumeshindwa. Alipokuwa anakunywa chai jikoni akasema, kama anayeongea na kikombe, "Ule ukuta ukiharibika, Mama ataona mwenyewe." Hakuniambia nifanye kitu. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka kwamba aliniambia. Hakuniambia.

Ulezi wa kula, wa kununua sokoni, ulikuwa stoo mpya, na ufunguo ulifungwa kwenye pindo la kanga ya mama. Lakini jikoni kwa Bibi, juu ya meko, kilining'inia kibuyu. Kizibo chake kilizungushiwa samadi iliyokauka. Nilijua ni mbegu ya ulezi, kama ninavyojua leo kwamba kitu fulani kipo kwenye silabasi, bila kujua kina maana gani. Mchana mmoja, Bibi na Shangazi wakiwa kisimani, nilipanda juu ya kinu, nikakishusha, nikabandua kizibo kwa kisu. Nikamimina karibu yote kwenye beseni la makapi ambayo kuku walikwisha kuyamaliza, nikachanganya kwa mikono miwili. Ili kibuyu kisiwe chepesi nikakijaza mchanga, ule laini ambao mimi na Shangazi tulikuwa tumeuchekecha kwa ajili ya ukuta. Nikarudisha kizibo, nikakizungushia samadi mbichi. Nilijiona mwerevu kuliko wote Rukwa.

Wakakandika. Shangazi alichora matuta kwa vidole siku mbili, Bibi akakaa kwenye kigoda akimrekebisha. Kwa sababu ya upepo, tope lisije likakauka upesi na kupasuka, Shangazi alitundika magunia yaliyolowana juu ya ukuta wote, akawa anayanyunyizia maji asubuhi na jioni. Hakuna aliyeruhusiwa kufunua mpaka ile Jumapili ya Bibi, siku kumi baadaye. Joto la jua, maji, magunia. Kama angetaka kuotesha mbegu makusudi asingepata njia nzuri zaidi.

Jumapili, baada ya misa, wakaja. Baba Mkubwa, wazee wawili wa ukoo, baba na mama, na Bibi kwenye kigoda chake katikati ya baraza, na kitambaa kipya kichwani. Shangazi alikuwa amevaa gauni, kwa mara ya kwanza. Akasema anataka Mama na kaka zake waone kile Baba alichokuwa anakiona akikaa hapa, halafu Mama aamue. Akashika magunia, akavuta.

Ukuta ulikuwa wa kijani.

Haukuwa wote. Ulikuwa na mabaka, kama kidevu cha mvulana wa kidato cha pili. Miche ya ulezi, myembamba, urefu wa kidole, imetoka kwenye kila tuta, na palipotoka mingi tope lilikuwa limevimba na kumeguka. Bonge moja lilianguka sakafuni wakati tunatazama. Baba Mkubwa alianza kucheka kwa pua. Mzee mmoja akasema, "Oliva, tuletee na jembe kabisa." Mimi nilikuwa nimeuma kanga ya mama ili nisipasuke. Ngoja niseme ukweli wote: ilikuwa ni furaha. Sijawahi kufaulu mtihani wowote vile.

Bibi hakucheka. Aliinuka, akang'oa mche mmoja, akautazama mzizi. Punje ilikuwa bado imening'inia pale, nyeusi ya kuelekea wekundu. Akaiweka kwenye kiganja.

"Huu si ulezi wa sokoni."

Akaenda jikoni. Akarudi na kibuyu, akabandua kizibo, akakimimina juu ya sakafu nyekundu. Mchanga. Mchanga, mchanga, na mwishoni punje chache za kuhesabika.

"Nani?"

Mfyulisi ulikuwa unatikisika na kivuli chake kinapita juu ya ukuta, kama Shangazi alivyosema kitapita. Shangazi aliutazama mchanga. Akainama, akausugua kwa vidole. Halafu akanitazama mimi, kwa muda wa kumeza mate, si zaidi.

"Ni mimi, Mama," akasema. "Nilitaka ukuta uote. Nilitaka uwe hai."

Na wote waliamini. Ndivyo alivyokuwa machoni pao, mtu anayeweza kufanya hivyo. Baba alishika kichwa. Baba Mkubwa akasema, "Jamani, si niliwaambia."

Bibi aliziokota zile punje chache. Aliposema hakupandisha sauti.

"Mbegu hii nilipewa na mama yangu siku ninaolewa. Nimeipanda kila mwaka, kijishamba cha mbegu tu. Mwaka ule wa njaa watoto wangu walilala bila kula na kibuyu hiki kinaning'inia juu ya vichwa vyao, na sikukigusa. Na wewe ulikuwa mmoja wa hao watoto. Leo umeipaka ukutani." Akamgeukia mwanawe. "Deo, nyumba fanya unavyotaka."

Shangazi aliondoka na basi la mchana huohuo, kwenda Mwazye. Bibi alikaa barazani mpaka jua likazama, anang'oa miche ukutani kwa kucha, mmoja mmoja, anaipanda kwenye ungo uliojaa udongo. Nilimletea maji. Aliniambia, "Asante, mama, wewe ndiye mwenye moyo." Hadi Jumatano upepo ulikuwa umeiua yote.

Punje zilizobaki hazikutosha hata tuta moja, na mvua zilipokaribia Bibi alikwenda kwao kuomba mbegu. Mwanamke mzee vile, aliyekuwa akigawa mbegu, alikwenda kukaa kwenye vibaraza vya wadogo zake na chombo mkononi. Wengi walikwisha kuacha ulezi, wanalima mahindi. Akapewa mbegu ya namna nyingine, nyeupe-nyeupe, akaipanda. Shangazi alikuwa anaishi kijiji hichohicho. Bibi alipita mbele ya nyumba yake kwenda na kurudi.

Na mimi? Nyumba ya Babu ilivunjwa kwa siku nne. Nikapata chumba cha vigae na dirisha la alumini, na Atupele akaja kuteleza na soksi. Mwezi wa Juni nikagundua jambo ambalo Baba Mkubwa hakulitaja, kwamba vigae Sumbawanga ni sawa na kulala juu ya bati lililonyeshewa. Hapo ndipo nilipoanza kuwa mchekeshaji. Mtu anayechekesha haulizwi maswali.

Bibi alifariki nikiwa darasa la sita. Hadi anakata roho hakulitaja jina la Oliva. Alisema "yule mwizi". Shangazi alikuja msibani, akasimama nyuma, pamoja na watu wa mbali, na wanawake wa nyumbani wakamnyima kazi ya jikoni. Mwanamke kunyimwa hata karoti ya kumenya kwenye msiba wa mama yake. Niliona. Nilikuwa nimebeba sinia la vikombe, nikapita mbele yake na kusema shikamoo.

Sasa mnaelewa kwa nini tope la jiko la shule lilinisimamisha. Tulipofunga shule nilipanda gari hadi Mwazye bila kuaga vizuri. Shangazi anaishi kwenye nyumba ya zamani ya upande wa Bibi, ameifufua yeye mwenyewe, kuta za udongo mweupe na mwekundu, mlango unaofungukia moja kwa moja shambani. Alikuwa anapepeta. Hakuacha kupepeta.

"Shangazi, ulijua ni mimi?"

"Mchanga niliuchekecha na nani?"

"Kwa nini hukunitaja?"

Akapepeta mara mbili tatu, makapi yakaenda na upepo.

"Ulikuwa na miaka tisa. Mama angekufungia mlango, na Mama akifunga hafungui, umeona mwenyewe. Mimi nilikuwa na pa kwenda. Wewe ungeenda wapi?"

"Ningeenda kwa kina Atupele," nikasema, machozi yananitoka. "Kule kuna vigae."

Hakucheka. Ndiye mtu pekee ambaye sijawahi kumchekesha.

"Sikiliza, Dafroza. Nilikuficha. Sikukusamehe. Usivichanganye hivyo viwili."

Nikamwambia basi nitakwenda kaburini nikamwambie Bibi. Hapo akaweka ungo chini, akakasirika kweli.

"Usiende kuigiza kwenye kaburi la mama yangu. Amekufa ananiita mwizi, hilo huwezi kulirudisha. Ukitaka kusema, sema kwa walio hai. Wenye midomo."

Utotoni nilidhani siku ile barazani hakuna aliyeniona, na kwamba Shangazi alidanganya kwa sababu alikuwa mjinga. Miaka saba nimeishi nikijua nilimshinda mtu mjinga. Kumbe kulikuwa na mtu mmoja aliyeniona wazi, akapima kwa haraka nani kati yetu angeweza kubeba lile neno, akalichukua, na hakunipenda hata kidogo alipokuwa analichukua. Sijui ninyi mnakiitaje kitu hicho. Mimi bado sina jina lake.

Baba Mkubwa na baba nimekwisha kuwaambia. Baba Mkubwa alidhani natania. Kwa hiyo naandika, ili nisiwepo mbele ya mtu akaanza kucheka. Ninyi mko hai na midomo mnayo, na kuna kina mama Izia na Mwazye ambao hadi leo wanaficha vibuyu vyao akipita. Waambieni. Mbegu ya Bibi niliiba mimi, Dafroza. Oliva hakugusa hata punje.